Majitaka ya mifugo Gusii: Jinsi bakteria wanavyogeuza kinyesi kuwa asidi yenye manufaa

KATIKA maboma mengi ya Kisii na Nyamira, zizi la ng'ombe wa maziwa hujengwa hatua chache kutoka jikoni, na mfereji wa mkojo na maji ya kuoshea sakafu huelekezwa bondeni. Kule bondeni kuna kijito, na majirani wa upande wa chini huchota maji humo.

Maji hayo ya zizini yakituama kwa siku mbili tatu huanza kunuka uchachu. Wengi huichukulia harufu hiyo kuwa dalili ya uozo tu. Kwa wataalamu wa viumbe vidogo, ni dalili kwamba bakteria wameanza kutengeneza asidi za aina ile ile ambayo viwanda vya vyakula, rangi, gundi na plastiki hununua kila siku.

Makala haya yanaeleza asidi hizo ni zipi, jinsi zinavyotengenezwa, sababu za kutovunwa katika eneo la Gusii hadi sasa, na hatua anazoweza kuchukua mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu. Jambo la msingi ni hili: majitaka yaliyochacha bado hayajasafishwa. Ama asidi zake zivunwe, ama ziachwe zigeuke kuwa gesi ya kupikia. Zikimwagwa mtoni zikiwa katika hali hiyo, madhara yake ni makubwa.

Ardhi finyu, uchafu mwingi

Kulingana na sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira watu 605,576. Kisii pekee ilikuwa na zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba, kiwango kinachoiweka miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa zaidi nchini Kenya.

Kwa sababu ya ufinyu huo wa ardhi, wafugaji wengi waliacha kuchunga malishoni na badala yake huwafungia ng'ombe wa gredi zizini, wakiwakatia nyasi za mabingobingo zinazopandwa kandokando ya mashamba ya chai, mahindi na ndizi. Ufugaji wa aina hii huongeza maziwa, lakini pia hukusanya uchafu wote mahali pamoja.

Ng'ombe mwenye uzani wa kilo 400 hutoa kinyesi na mkojo unaokaribia asilimia 8 ya uzani wake kila siku, yaani zaidi ya kilo 30. Ng'ombe watatu basi hutoa karibu kilo 100 kwa siku, kabla ya kuongeza maji ya kuoshea zizi. Vichinjio navyo huongeza damu, mafuta na mabaki ya chakula yatokayo matumboni mwa mifugo.

Gusii ni nchi ya vilima na hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Kisichozuiliwa huteremka. Kijito cha Nyakomisaro hupita katikati ya mji wa Kisii, na Mto Gucha, unaoanzia nyanda hizi za juu, huitwa Kuja ufikapo Kaunti ya Migori na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Uchafu unaotoka katika boma moja huishia kuwa mzigo wa wavuvi na wakazi walio mbali sana na boma hilo.

Kibuyu cha maziwa na tumbo la ng'ombe

Uchachushaji si elimu ngeni kwa Abagusii. Maziwa ya mgando yaitwayo amabere amaruranu hutokana na kazi ya bakteria wanaokula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo huyatia maziwa ukali, huyagandisha na kuyafanya yakae siku nyingi bila kuharibika. Uji wa wimbi uliochachushwa hufuata kanuni iyo hiyo.

Ng'ombe mwenyewe ni kiwanda kikubwa zaidi cha asidi katika boma. Ndani ya tumbo lake la kwanza, mabilioni ya bakteria huvunjavunja nyasi katika mazingira yasiyo na oksijeni na kutoa asidi ya asetiki, ya propioniki na ya butiriki. Asidi hizo hupenya katika damu, na takriban asilimia 70 ya nguvu anazotumia ng'ombe hutoka kwazo. Kwa hakika, ng'ombe hulishwa na asidi zinazotengenezwa kutokana na nyasi.

Asidi za namna hii, zinazotokana na viumbe hai, huitwa asidi ogania. Asidi ya asetiki ndiyo inayoipa siki ukali wake. Asidi ya propioniki huzuia ukungu. Asidi ya butiriki ndiyo inayotoa harufu kali ya siagi iliyoharibika.

Hatua nne za mabadiliko

Bakteria waliomo katika kinyesi hutoka katika utumbo wa mnyama wakiwa tayari kuendelea na kazi. Majitaka yakiwekwa katika tangi lisilopitisha hewa, mabadiliko hutokea kwa hatua nne.

Katika hatua ya kwanza, bakteria hutoa vimeng'enya vinavyovunja nyuzi za nyasi, protini na mafuta kuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka katika maji. Hatua hii ndiyo ya polepole zaidi kwa kinyesi cha ng'ombe, kwa kuwa sehemu laini ya nyasi imekwisha kumeng'enywa tumboni na kilichobaki ni nyuzi ngumu.

Katika hatua ya pili, vipande hivyo huliwa na kugeuzwa kuwa asidi mbalimbali, pamoja na haidrojeni na kabonidayoksaidi. Hapa ndipo uchachu unapoanza.

Katika hatua ya tatu, asidi nzito kama vile ya propioniki na ya butiriki hugeuzwa kuwa asidi ya asetiki. Hatua ya nne ni kazi ya viumbe wengine kabisa, ambao huichukua asidi ya asetiki na haidrojeni na kutengeneza methani, ambayo ndiyo gesi inayowaka katika jiko la bayogesi.

Mtambo wa kawaida wa bayogesi hupitia hatua zote nne bila mwenyewe kuona. Mtambo wa kutengeneza asidi husimamishwa makusudi kabla ya hatua ya nne.

Namna ya kuusimamisha mchakato

Wataalamu hutumia udhaifu wa viumbe watengenezao methani. Viumbe hao hukua polepole na hawapendi mazingira yenye uchachu. Hufanya kazi vizuri pale kipimo cha uchachu, kiitwacho pH, kinapokuwa kati ya 6.8 na 7.5 hivi. Kipimo hicho kikishuka hadi 5.5 au karibu na hapo, kazi yao hudorora ilhali watengeneza asidi huendelea.

Njia nyingine ni muda. Majitaka yakipitishwa katika tangi kwa siku chache tu badala ya majuma kadhaa, watengeneza methani husombwa na maji kabla ya kuzaana, nao watengeneza asidi, wanaozaana upesi, hubaki. Joto nalo husaidia, kwani mchakato huenda kasi zaidi kwenye nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi kuliko kwenye nyuzi 20 hivi ambazo ni za kawaida mjini Kisii, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari.

Kinyesi cha ng'ombe kina kikwazo chake. Kina amonia nyingi, hasa kikichanganyika na mkojo, na amonia huyazuia majitaka yasichache kwa urahisi. Ndiyo maana mitambo mingi huchanganya kinyesi na taka zenye wanga au sukari. Gusii haikosi taka kama hizo: maganda ya ndizi, ndizi zilizoiva kupita kiasi, na mabaki ya miwa inayosagwa kutengeneza sukari nguru.

Asidi hizo ni za nini?

Sehemu kubwa ya asidi ya asetiki na ya propioniki inayouzwa duniani leo hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, gesi asilia au makaa. Kuzipata kutokana na majitaka kungepunguza utegemezi huo na wakati huo huo kusafisha maji.

Asidi ya propioniki na chumvi zake hutumiwa kuzuia ukungu katika mikate, nafaka na chakula cha mifugo. Umuhimu wa kazi hiyo unaeleweka vyema nchini Kenya, ambako mnamo 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu, yaliua watu 125 hasa katika eneo la Ukambani.

Mchanganyiko wa asidi hizi pia ni chakula cha bakteria wengine wenye uwezo wa kuhifadhi ndani ya miili yao kitu kinachofanana na plastiki, ambacho huoza kikitupwa ardhini. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 28, 2017, haja ya vifungashio vya namna hiyo imekuwa dhahiri zaidi.

Matumizi ya tatu hayahitaji hata kuzitenganisha asidi na maji. Mjini Kelowna, Kanada, tangu miaka ya 1980 mtambo wa majitaka ya mji huchachusha tope lake kwanza, kisha maji yenye asidi hulishwa bakteria wanaoondoa naitrojeni na fosforasi. Virutubishi hivyo viwili ndivyo hurutubisha magugumaji katika maziwa, tatizo ambalo wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wamelijua tangu miaka ya 1990.

Ni muhimu kusisitiza kwamba maji yaliyochacha kutoka zizini hayawezi kutumiwa kama siki wala kuhifadhia chakula. Yana vimelea vya maradhi, na asidi yake haiwezi kukaribia chakula cha binadamu bila kutenganishwa na kusafishwa kiwandani.

Kwa nini hakuna kiwanda Gusii?

Kikwazo kikubwa ni maji yenyewe. Lita moja ya majitaka yaliyochachushwa vizuri mara nyingi huwa na gramu 10 hadi 20 tu za asidi. Kuyachemsha ili kuitoa asidi hakufai, kwani asidi ya asetiki huchemka kwenye nyuzi 118, juu zaidi ya maji. Mtu angelazimika kuvukiza karibu maji yote ili abaki na asidi kidogo, na kuni au umeme wa kazi hiyo ungegharimu kuliko mazao.

Njia mbadala zipo. Mojawapo, iliyoendelezwa katika Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani na Profesa Mark Holtzapple, hutumia chokaa kuzifanya asidi kuwa chumvi, ambazo hukaushwa na kugeuzwa kuwa kemikali na mafuta ya magari. Nyingine hutumia chujio za utando mwembamba au punje maalumu zinazonasa asidi. Zote zinahitaji mtaji, umeme wa kutegemewa na majitaka mengi yanayokusanywa mahali pamoja kila siku.

Historia ya Nyanza inatoa funzo kuhusu miradi ya aina hii. Katika miaka ya 1970 ulianzishwa mjini Kisumu mradi mkubwa wa kuchachusha molasi ya viwanda vya sukari ili kupata spiriti, hamira na asidi ya sitriki. Gharama zilipanda, ujenzi ukakwama mapema katika miaka ya 1980, na mitambo ikakaa miaka mingi bila kuzalisha chochote. Bakteria na hamira hawakuwa na kosa lolote. Kilichoshindikana ni fedha na usimamizi.

Kwa hiyo, anayepanga kuvuna asidi kutokana na majitaka ya mifugo Gusii angefaa kuanzia kwenye vichinjio na vituo vikubwa vya kukusanyia maziwa. Kenya ina mifano ya hatua ya kwanza: kichinjio cha Keekonyokie kilichoko Kiserian na kile cha Nyongara kilichoko Dagoretti viliwekewa mitambo ya kugeuza taka zake kuwa bayogesi. Mtambo kama huo ukigawanywa kuwa matangi mawili, la asidi mbele na la gesi nyuma, mwenyewe hupata nafasi ya kuchota asidi pale soko litakapopatikana, na kuendelea kupata gesi pasipo soko.

Hatari ya kumwaga majitaka yaliyochacha

Ubaya wa majitaka hupimwa kwa kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kwa siku tano kuuozesha uchafu uliomo katika lita moja ya maji. Kanuni za ubora wa maji zilizochapishwa na serikali ya Kenya mnamo 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa majitaka yanayoachiliwa mtoni. Majitaka ya kawaida ya nyumbani huwa na miligramu mia chache. Majimaji mazito ya zizini hufikia maelfu mengi.

Uchachushaji peke yake haupunguzi sana mzigo huo. Kinyesi kimebadilika umbo tu, kutoka nyuzi kuwa asidi iliyoyeyuka. Tofauti ni kwamba nyuzi huoza polepole, ilhali asidi huliwa na bakteria wa mtoni papo kwa papo, na oksijeni hutoweka upesi.

Hesabu yake ni rahisi. Gramu moja ya asidi ya asetiki huhitaji zaidi kidogo ya gramu moja ya oksijeni ili iishe. Maji safi ya mto kwenye nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, na huwa pungufu zaidi katika nyanda za juu. Hivyo lita moja ya maji ya zizini yenye gramu 10 za asidi inaweza kumaliza oksijeni yote iliyomo katika zaidi ya lita 1,000 za maji ya mto. Ndoo moja ya lita 20 huhitaji lita zaidi ya 20,000. Samaki na wadudu wa majini hufa kwa kukosa pumzi, na mto wenyewe huanza kunuka.

Mfugaji afanye nini?

Kwa mfugaji mdogo, njia inayofaa ni kuuacha mchakato ufike mwisho, yaani kwenye methani. Kinyesi cha ng'ombe wawili wa zizini, kilo 40 hivi kwa siku, kikichanganywa na kiasi sawa cha maji, chatosha mtambo wa mita 6 za ujazo. Mtambo huo huweza kutoa mita moja na nusu hivi ya gesi kwa siku, inayotosha kupikia kwa saa tatu au nne. Mpango wa kitaifa wa bayogesi ya nyumbani ulioanza mnamo 2009 ulieneza mitambo ya kuba ya aina hiyo katika sehemu nyingi za Kenya.

Elimu ya asidi humfaa mwenye mtambo kama huo moja kwa moja, kwani ugonjwa wa kawaida wa bayogesi ni mtambo kuchacha. Hutokea mwenyewe anapotia kwa wingi maganda ya ndizi, ugali uliobaki au matunda yaliyooza. Watengeneza asidi huzidi nguvu, uchachu hupanda, na watengeneza methani hulemewa. Dalili zake ni mwale dhaifu au unaozimika na harufu kali katika tope linalotoka.

Dawa yake ni kuacha kuulisha mtambo kwa siku kadhaa, kisha kuuanzisha tena kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe pamoja na ndoo chache za tope kutoka mtambo mwingine wenye afya. Chokaa kidogo kilichokorogwa katika maji husaidia, ila kikizidi huua bakteria. Maji yenye dawa za kuua viini, na kinyesi cha ng'ombe anayetibiwa kwa antibayotiki, hayafai kuingia mtamboni.

Tope litokalo lina naitrojeni karibu yote iliyokuwamo katika kinyesi, na ni mbolea nzuri ya mabingobingo, ndizi na mboga za kupikwa. Hata hivyo, bado si safi kiasi cha kuachiliwa mtoni. Litiwe shambani, mbali na ukingo wa kijito, na si wakati mvua kubwa inapokaribia.

Kwa asiye na uwezo wa kujenga mtambo, hatua tatu zinapunguza madhara: kuezeka zizi ili maji ya mvua yasichanganyike na kinyesi, kuchimba shimo lililosakafiwa la kuhifadhi mkojo na maji ya kuoshea, na kulifunika shimo hilo. Kufunika huzuia amonia isipotee hewani, na amonia hiyo ndiyo mbolea ambayo mkulima angelazimika kuinunua dukani.

Nchini Denmaki baadhi ya wafugaji hutia asidi ya salfuriki katika majimaji ya zizi kwa lengo hilo hilo. Njia hiyo haifai kuigwa Gusii, ambako udongo wa sehemu nyingi za chai tayari una uchachu, na ambako asidi hiyo kali ni hatari kwa asiye na vifaa. Isitoshe, kutia asidi ya aina yoyote katika shimo la kinyesi huweza kufyatua gesi ya sumu ya haidrojeni salfaidi. Hata bila asidi, asiwepo mtu anayeingia katika shimo la kinyesi au mtambo wa bayogesi kwa sababu yoyote bila fundi mwenye vifaa. Hewa yake huweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache, na mara nyingi anayeingia kumwokoa naye huangamia.

Mustakabali

Gusii ina malighafi, ina mvua, na ina taasisi zinazoweza kuifanyia kazi elimu hii, zikiwemo Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mnamo 2013, na kituo cha shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, kilichoko Kisii. Kinachosubiriwa ni kukusanya majitaka ya vichinjio mahali pamoja na kupata mnunuzi wa mazao yake.

Hadi hapo, mfugaji hana haja ya kungoja kiwanda. Harufu ya uchachu itokayo zizini yatosha kumjulisha kwamba bakteria wamefika katikati ya kazi yao. Awape tangi lililofunikwa na muda wa kuimaliza. Atapata moto wa kupikia na mbolea ya shamba, na jirani wa upande wa chini atateka maji yasiyonuka.